Watamu, Mida, Gede na Arabuko-Sokoke kwa siku mbili: panga safari kwa kufuata maji

Katika kaunti ya Kilifi, kati ya mji wa Kilifi na Malindi, kuna sehemu nne za kutembelea zilizokaribiana kiasi kwamba tuktuk inatosha kukuzungusha: Hifadhi ya Bahari ya Watamu, hori la Mida lenye mikoko, magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanaorudi wamevunjika moyo kwa kawaida hawakukosea mahali, walikosea saa. Ukifika Mida kupiga kasia maji yakiwa yametoka, utaikokota kayaki kwenye tope la magoti. Ukifika kwenye matumbawe maji yamejaa na upepo umeshainuka, utaona ukungu wa mchanga tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, tafuta maji ya siku unayotaka kwenda.

Hatua ya kwanza: hesabu maji

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, tofauti ikapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja na kitu.

Jedwali la maji la bandari ya Mombasa linafaa kabisa kwa Watamu. Ukilikosa, tumia kalenda ya Kiislamu. Tarehe mosi ya mwezi maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayofuata: tarehe 4 ni kwenye saa sita na nusu mchana, tarehe 8 ni karibu na saa kumi alasiri. Tarehe 15 anza tena na saa nne. Maji hujaa kabisa kama saa sita na robo baada ya kupwa. Hesabu hii inaweza kupotea hata kwa saa nzima, kwa hiyo ni ya kupangia safari. Siku yenyewe thibitisha kwa jedwali au kwa mvuvi. Swali ni fupi: "Shikamoo mzee, leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama popote.

Jambo la pili ni kasi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ikiwa na tofauti ya mita 3.6, saa ya kwanza yataongezeka sentimita 30 tu na utadhani una wakati tele. Saa ya tatu yataongezeka sentimita 90. Hapo ndipo watu huzingirwa.

Hatua ya pili: chagua tarehe

Tarehe bora kwa siku mbili ni ya 2 hadi ya 4 ya mwezi wa Kiislamu, au ya 16 hadi ya 18. Siku hizo maji hupwa kati ya saa tano asubuhi na saa sita na nusu mchana, hivyo unapata mwamba asubuhi, ndege wa Mida alasiri na kayaki jioni, bila kukimbizana.

Msimu nao una neno. Kuanzia Oktoba hadi Machi bahari huwa nyepesi na maji huwa maangavu zaidi, ingawa vuli huleta mvua za hapa na pale mwanzoni. Kusi kikishika, kuanzia Mei hadi Agosti, mawimbi ni makubwa, mwani hurundikana ufuoni na boti nyingi hazitoki. Aliye na likizo ya Juni pekee asivunje safari. Aweke uzito kwenye msitu, Gede na Mida, na bahari aichukue kama bahati.

Hatua ya tatu: kufika na kulipa

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, pita Mtwapa na Kilifi, kisha mwambie kondakta akushushe Gede. Hapo barabara ya Watamu huchepuka kulia, na tuktuk na bodaboda hazikosekani mchana kutwa. Waliotoka Nairobi kwa treni hushuka Miritini, kwa hiyo wahesabu pia muda wa kuvuka Mombasa yenyewe, hasa jioni.

Ada za Hifadhi ya Bahari hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen. Fanya malipo hayo ukiwa chumbani penye mtandao mzuri, uhifadhi picha ya stakabadhi kwenye simu. Raia na mkaazi hutozwa chini ya mgeni wa nje, lakini lazima kitambulisho kionekane. Fedha taslimu kidogo bado zinahitajika kwa tuktuk, madafu na bahashishi.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fuo tangu Juni 2020. Njoo na chupa yako ya lita moja na nusu au zaidi.

Hatua ya nne: asubuhi kwenye matumbawe

Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi. Ndani yake hakuna kuvua, kuokota kombe wala kuvunja tumbawe. Ndiyo maana samaki wa humo hawamkimbii mtu.

Wakati wa kuingia majini ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja baada yake. Mwamba wa nje unakuwa umechomoza na kuzuia mawimbi, ndani panatulia, na matumbawe yako karibu na macho. Ila kwenye kilele cha bamvua kuna sehemu ambazo maji hubaki ya kiunoni, na mtu asiyejua kuelea atapiga matumbawe kwa magoti. Kama hamjazoea, ingieni mapema kidogo, maji yakiwa bado mita mbili.

Boti ya kioo au mashua ikodishe kwa nahodha aliyeidhinishwa, na mkubaliane kabla hujakanyaga ngazi. Bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa? Ada ya hifadhi imo au haimo? Ni saa ngapi majini? Miwani na mrija ni vyao au vyako? Ugomvi mwingi wa ufuoni huanzia kwenye swali la kwanza. Kisha tazama mambo matatu kwa macho yako: majaketi ya kuokolea yatoshe idadi ya watu na yafungike kifuani, kuwe na kasia au upondo wa akiba endapo injini itazima, na nahodha afunge boti kwenye boya badala ya kutupa nanga. Nanga moja ikiburutwa juu ya matumbawe huvunja kilichojengeka kwa miongo.

Miwani ndiyo inayoamua kama utafurahia. Iweke usoni bila kupitisha mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika, inakufaa. Ikianguka, chukua nyingine, usikaze mkanda ukidhani utaiponya, kwa sababu kukaza sana hupinda mpira na kuingiza maji zaidi. Unywele mmoja uliopita chini ya ukingo unatosha kuleta mvujo, na masharubu hufanya vivyo hivyo. Ili kioo kisifanye ukungu, temea mate kwa ndani, sugua kwa kidole, suuza kwa maji ya bahari mara moja.

Vaa fulana ya mikono mirefu. Mgongo wa anayeelea kifudifudi huungua bila yeye kuhisi, maana maji yanaupoza.

Ukishaingia, tazama majani ya baharini yamelalia upande gani, uujue mkondo, kisha anza kwa kuogelea dhidi yake ili wakati wa kuchoka ukurudishe kwenye boti. Usisimame popote. Ukichoka, geuka chali. Halafu tulia usikilize: kuna mlio mkavu wa kukwaruza unaosikika waziwazi chini ya maji. Ni pono wanaotafuna mwamba kwa midomo yao iliyo kama ya kasuku. Wanakula mwani uliotanda juu ya tumbawe, wanasaga jiwe, na kile wanachotoa nyuma ni mchanga mweupe. Mfuate mmoja kwa dakika chache utamwona akiuachia kama moshi. Hii ndiyo sababu ya kukataa mkate ambao baadhi ya vijana wa boti huurusha ili samaki wakusanyike. Samaki walioumbwa kusafisha mwamba hawahitaji ngano.

Ukikutana na kasa, kaa mbali naye mita kadhaa na usimkate njia ya kwenda juu. Anapanda kupumua. Wanaotaka kumwona kasa kwa karibu wapite kwenye kituo cha matibabu cha Local Ocean Conservation hapo Watamu, wanakotunzwa waliojeruhiwa na ndoano na nyavu. Na usiku msimulike fuo kwa tochi: jike anayepanda kutaga hugeuka na kurudi baharini.

Kutembea juu ya mwamba kwa miguu

Hili halina gharama, na kwa watoto ni bora kuliko boti. Maji yakipwa, vidimbwi huachwa vimejaa kaa na viti vya pweza, yaani nyota za bahari. Masharti yake ni machache lakini usiyavunje.

Vaa viatu vyenye soli ngumu, siyo ndala, kwa sababu viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu (sea urchin) hukaa kwenye nyufa na mwiba wao hupenya ndala bila taabu. Kwenye mchanga wenye maji, buruta miguu badala ya kuinyanyua. Samaki taa aliyejifukia atasikia mtikisiko na kuondoka. Usiokote konokono mwenye umbo la pia hata kama ganda lake ni zuri kiasi gani, kwani baadhi yao wana sumu ya kuua mtu. Tembea mchangani na juu ya jiwe lililokufa, epuka vishada vya matumbawe hai.

Anza kutoka saa moja na nusu kabla ya kupwa, na geuka maji yanapofika mwisho wa kupwa. Usingoje uyaone yanaingia. Mwamba wa Watamu una mabonde kati yake na ufuo, na mabonde hayo ndiyo hujaa kwanza. Mtu aliye ukingoni mwa nje anaona miguu yake mikavu kumbe nyuma yake pameshafika kifuani.

Hatua ya tano: alasiri Mida

Mida ni hori linaloingia nchi kavu kusini mwa Watamu, likizungukwa na mikoko. Kuna daraja la mbao la kuning'inia, linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege kilicho ukingoni mwa matope. Kiingilio chake huchangia karo za watoto wa shule za sekondari wanaoishi kando ya msitu na hori. Lipa ukijua hivyo.

Wengi huenda pale maji yakiwa yamekauka kabisa, wanaona vijidoa vyeupe mbali, wanarudi. Ndege wa matopeni hufuata ukingo wa maji. Yakiwa chini wako mbali mno, yakijaa kabisa wamehamia kwingine. Nenda kati ya saa mbili na saa nne baada ya kupwa, wakati bahari inawasukuma kuja upande wa kibanda. Kwa tarehe tulizochagua ni kati ya saa saba mchana na saa kumi na nusu alasiri, kutegemea siku. Kumbuka pia kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko ufuoni.

Msimu wa ndege wageni ni kati ya Septemba na Aprili. Anayesifika zaidi ni yule mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kuliko wa ndege yeyote wa ukubwa wake pale. Wenzetu walioko Oman na Ghuba huenda wamemwona akiwa kwao, kwa kuwa huzaliana kwenye visiwa na fuo za mchanga za upande ule. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Kisha huja Mida kula. Mtazame anapomkamata kaa: humtikisa hadi miguu idondoke, ndipo ammeze. Bila darubini utapoteza mengi, kwa hiyo azima au kodi, hata ya 8 kwa 40 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 40) inatosha.

Mwongozaji wa hapo ni mwenyeji, na maarifa yake yanastahili malipo. Mwombe akutofautishie mikoko. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi ya upinde, mchu huchomoza mizizi iliyo kama penseli kutoka kwenye tope, na mkandaa ndio ulitoa rangi ya kutengenezea ngozi. Shika jani la mchu chini yake, kisha lamba kidole: chumvi.

Kayaki ifuate baada ya ndege. Ingia saa mbili kabla ya maji kujaa, uje urudi yakiwa yamesimama. Ukienda na maji yanayoingia, mkondo unakusukuma ndani bila jasho, na ukingoja yaanze kutoka unarudishwa vilevile. Mdomo wa hori ni habari nyingine. Bamvua inapotoka, maji yote ya Mida hupita kwenye mlango mwembamba kwenda baharini, na muogeleaji hodari hawezi kushindana nayo. Usiogelee mdomoni maji yakitoka, hata kama wenyeji wachache wanafanya hivyo. Ukinaswa, usipambane na mkondo. Kata kando kuelekea ufuo.

Hatua ya sita: msitu alfajiri ya siku ya pili

Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba kama 420 na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki pwani ya Afrika Mashariki. Kituo cha Gede kiko kando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi, muda mfupi kabla ya njiapanda ya Watamu kwa anayetoka kusini. Panga mwongozaji jioni iliyotangulia, na mkutane langoni saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa nne msitu umeshanyamaza.

Usiingie bila mwongozaji. Ndani kuna tembo, na vichaka ni vya karibu kiasi kwamba unaweza kufika mita kumi kutoka kwao bila kuona. Isitoshe, njia zinafanana.

Vaa suruali ndefu, soksi juu ya ncha za suruali, rangi zilizofifia. Kupe wapo, na siafu hupanda kimya kisha huuma wote kwa pamoja, kwa hiyo tazama chini kabla ya kusimama kupiga picha. Lita mbili za maji kwa mtu.

Angalia udongo, utajua uko wapi. Karibu na barabara msitu ni mchanganyiko. Ukifika kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, miti inapungua na mrihi ndio unatawala, mwanga unaingia, na makundi ya ndege hupita juu. Ukifika kwenye udongo mwekundu, msitu unakuwa mfupi na wa kubana. Huko ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu. Mchana hulala akiwa amekaa kwenye kitawi cha chini, na bila mwongozaji anayejua kichaka chake utapita mara kumi. Ukionyeshwa, simama mbali, ongea kwa kunong'ona, zima mwanga wa kamera, ondoka baada ya dakika chache. Akifukuzwa kila siku atahama.

Mnyama mwingine wa kumtafuta ni sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mkubwa kama paka mdogo, mwenye pua ndefu anayofukulia majani makavu. Utamsikia kabla ya kumwona. Ukisikia mchakato wa majani, ganda papo hapo. Ukipiga hatua moja zaidi atapiga mkia na miguu chini kama ngoma na kutoweka.

Hatua ya saba: Gede wakati wa jua kali

Iweke Gede kati ya saa tano na saa saba, maana miti mikubwa imefunika magofu. Mji huu ulistawi kwa karne kadhaa kabla ya kuachwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na Julai 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Usiukimbie. Tafuta kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, kisha msikiti mkuu na kisima chake, kisha nyumba ya mfalme. Kwenye nyumba za watu tazama vyoo na mifereji ya maji. Vinaeleza maisha ya mji kuliko kuta ndefu.

Kima wa pale wamezoea watu. Usifungue chakula uani, na mfuko wa karatasi laini usining'inie mkononi. Mradi wa Kipepeo uko ndani ya uwanja huo huo. Wanakijiji wa kando ya msitu hufuga viwavi na kuuza pupa wa vipepeo (hatua ya baada ya kiwavi, kabla ya kuwa kipepeo), na asali inayouzwa hapo ni ya kubeba nyumbani.

Vitu vya mfukoni kwa majeraha

Siki, koleo dogo la nyusi, bandeji, dawa ya kuosha kidonda. Ukichomwa na samaki taa au samaki wa sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, ukipelekwa hospitali. Apime moto mtu mwingine kwa mkono wake, kwa kuwa mguu wenye maumivu hauhisi sawasawa. Konyeza (mnyama wa baharini laini kama jeli) akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, siyo ya bomba. Miiba ya wale viumbe weusi wa mwambani iliyojitokeza ivute kwa koleo ikiwa imenyooka. Iliyokatikia ndani ya nyayo usiichimbe kwa sindano ufuoni, utaivunja vipande na kuleta usaha. Kidonda kikivimba au ikiwa mwiba uko karibu na kiungo, nenda kliniki.

Kidonda chochote cha tumbawe, hata mkwaruzo, kioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo. Huchelewa kupona kuliko kinavyoonekana, na kurudi baharini kesho yake na kidonda kibichi ndiko kunakokiharibu.